Ukuta wa Mama Mkwe

Sehemu ya Saba: Kanga ya Bure

Tulimwacha Elisante katikati ya soko la Lushoto, macho kayafumba, andazi la moto mkononi, na andazi lenyewe limefungwa kwenye karatasi yenye maandishi.

Kwa wewe uliyeokota gazeti hili likiwa limefungia karanga na huna habari ya yaliyopita, shida si andazi. Shida ni karatasi.

Ushirika wa wakulima wa matunda una ghala la baridi. Mtambo wa ghala hilo unaongozwa na programu ya kampuni moja ya Dar es Salaam iitwayo Theluji, na Theluji wametangaza kuwa mwisho wa mwezi programu yao itajizima yenyewe. Anayetaka baridi anunue mtambo mpya mzima. Ghala nalo limejaa pichesi na peasi za milima yote hii hadi mlangoni, na la kuvunda halina ubani. Ndipo wanachama walipomwangukia Elisante, kijana wao wa kompyuta, awaandikie programu nyingine itakayofanya kazi ileile kwenye mtambo uleule. Akaiandika, akaiita Kipupwe.

Sheria inaruhusu. Wakili Mwamvita, mama wa Tanga mwenye sauti ya kengele, aliwaeleza wanachama jambo hilo mpaka wengine wakasinzia. Kazi inayofanywa na programu haina mwenyewe. Chenye mwenyewe ni maandishi yake ya ndani, yale ambayo kompyuta huyasoma. Mtu haibi ugali wa jirani kwa kupika wa kwake. Ila asije akaonekana jikoni kwa jirani.

Kwa hiyo kazi iligawanywa. Mtu mmoja alisoma kitabu cha mtambo wa Theluji, ambacho maandishi ya ndani yamechapwa yote mwishoni, akaeleza kwa Kiswahili cha kawaida mtambo unafanya nini, bila kutaja unafanyaje. Wakili akayapitia maelezo hayo, akayavusha. Mtu wa pili, ambaye hajapata kuona hata mstari mmoja wa Theluji, akaandika upya kuanzia mwanzo. Huyo wa pili ndiye Elisante. Siku atakayouona mstari mmoja tu, Kipupwe imekwisha, na pichesi nazo zimekwisha.

Na yule wa kwanza? Hapo ndipo Mwamvita alipojipongeza. Alikuwa anatafuta watu wawili ambao hawatakutana, hawatanong'onezana, wala hawatakula pamoja. Akasikia kwamba mwenye akili ya kukielewa kitabu kile ni Mwalimu Paskalina wa Rangwi, mstaafu wa hesabu, na kwamba Mwalimu Paskalina ni mama mkwe wa Elisante. Wakili hakutafuta tena. Msambaa na mama mkwe wake hawaketi benchi moja. Hatazamwi usoni. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini. Tangu Elisante amwoe Evelina, mama yule hajawahi kumsemesha moja kwa moja. Humwambia Evelina amwambie, hata kama wote watatu wako sebule moja.

Ukuta ulikuwa umeshajengwa, na haukuhitaji mlinzi.

Theluji walipogundua hivyo walimpandisha mlimani mtu wao, Bwana Alen, kijana mwenye tabasamu na shati la mikono mifupi. Akaja na mpango ambao mimi ninayekusimulia nilipousikia nilikaa chini. Kama Elisante hataki kuyaona maandishi, basi aonyeshwe. Kampuni nzima ikawa inamkimbiza mtu ili aibe mali ya kampuni.

Turudi kwenye andazi.

Elisante hakujua maandishi yako upande gani wa karatasi. Akilitupa, karatasi ingeweza kufunguka na kumgeukia. Akimpa mtu, angelazimika kutazama anampa nani. Basi akafanya jambo ambalo mtu mwenye mke na digrii hafanyi. Alilitia andazi mdomoni pamoja na karatasi yake, akatafuna.

Karatasi ya mafuta haitelemki kirahisi. Rahma muuza maandazi alimtazama mpaka mwisho, kisha akamuuliza kwa upole kama nyumbani wamegombana.

Elisante akamwambia, bado macho kayafumba, kwamba ameimeza karatasi ya Theluji. Rahma akasema hapana. Zile karatasi za yule kijana anayecheka ni nene, hazinyonyi mafuta, yeye aliwashia moto tangu alfajiri. Hiyo aliyoila ilikuwa ya daftari la binti yake wa darasa la tano, hesabu za sehemu, na zote alikosa.

Elisante akamshukuru Mungu, akaomba maji.

Hakuwa ameyamaliza aliposikia mkono wa Evelina ukimshika begani. Alimjua mkewe kwa ule mshiko, maana Evelina hushika mtu kama anayekagua kabichi.

"Usifumbue macho," Evelina alisema. "Soko lote limevaa programu."

Akamweleza. Alen ametandika turubai karibu na stendi na anagawa kanga bure. Kanga nzuri, pamba nzito, rangi ya buluu na nyeupe. Pindo lake ni vipande vya barafu, lakini mji wa kanga, ile sehemu yote ya katikati, kuanzia upande hadi upande, umejaa mabano na tarakimu na maneno yaliyokatwakatwa. Maandishi ya ndani ya Theluji, mstari kwa mstari. Na chini, mahali pa jina, wameandika: HATUNA SIRI NANYI.

Elisante akauliza ni akina mama wangapi wamechukua. Evelina akamjibu kwamba angeuliza ni nani hajachukua. Kanga ya bure, tena pamba, na ukungu wa mwezi huu. Hata mke wa mchungaji amechukua doti mbili.

Hiyo ndiyo ilikuwa siku ya shauri, Theluji wakidai kwamba Kipupwe imeibwa kwao. Msuluhishi alikuwa amekwisha panda kutoka Magoma, na ukumbi wa usharika ulikuwa upande wa pili wa mji. Evelina alilivuta sweta la mumewe kutoka mabegani likamfunika kichwa kizima, akamshika mkono, wakaondoka hivyo.

Kutembea bila kuona si kazi kubwa. Kazi kubwa ni salamu. Huku kwetu mtu hampiti mkubwa wake bila shikamoo, na Elisante hakujua anayepishana naye ni mkubwa au mdogo. Akaona heri lawama ya kuzidisha kuliko ya kupunguza. Kila alipohisi mtu, alitoa shikamoo. Alimwamkia mchoma mahindi, akawaamkia wanafunzi wake wa kwaya, akaamkia nguzo ya umeme. Mtoto wa chekechea aliitikia marahaba kwa sauti nzito na kumuuliza habari za nyumbani.

Karibu na kona ya kanisa alisikia hatua zikija mbele yao, polepole, za mtu mwenye kikapu. Akafungua mdomo aamkie. Hatua zikasimama. Kisha akasikia majani ya kando ya njia yakikanyagwa, na Evelina akamminya mkono.

Naye Elisante, aliyefunikwa kichwa kwa sweta zito la sufu, akageuza uso upande wa pili. Mazoea yana taabu.

Mlangoni Wakili Mwamvita alikuwa ametoa amri kwamba hakuna kanga ya Theluji itakayoingia ukumbini. Mlinzi Yohane ndiye mkaguzi. Elisante, bado ndani ya sweta, alisikia akina mama wakinung'unika na kanga zikirundikwa kizingitini. Alisikia mke wa mchungaji akiambiwa hata ile ya ndani. Halafu akasikia Yohane akisema, kwa sauti ya mtoto wa shule, "Shikamoo Mwalimu." Baada ya hapo kimya. Yohane alifundishwa hesabu na Mwalimu Paskalina, na viganja vyake vinakumbuka. Hakukagua kitu.

Shika hilo, msomaji. Tutalihitaji.

Elisante akaketishwa benchi la mbele kabisa, uso kwa msuluhishi na mgongo kwa watu wote. Mama mkwe akaketi la mwisho. Sweta likaondolewa.

Alichokiona kwanza ni Mzee Samsoni, hakimu mstaafu ambaye pande zote mbili zilimkubali, amejifunga skafu mbili. Alichokiona pili ni Alen, anatetemeka katika shati lake la Dar es Salaam lakini bado anatabasamu. Elisante hakulipenda tabasamu lile. Mtu aliyegawa kanga tangu asubuhi bila kumnasa aliyemkusudia hapaswi kutabasamu.

Alen alianza. Alieleza kwa ufasaha kwamba habari ya vyumba viwili na ukuta katikati ni kiini macho. Msomaji wa kitabu na mwandishi wa programu ni ndugu. Binti wa yule ni mke wa huyu. Sikukuu wako pamoja. Nani ataamini kwamba wakiwa mezani, mama hakumwambia mkwe wake neno?

Ukumbi uliangua kicheko. Wazee walifuta machozi. Mzee mmoja nyuma alirudia "wakiwa mezani" mara kadhaa, kila mara akicheka upya. Mzee Samsoni aligonga meza mpaka wakatulia, kisha akamuuliza Alen kama ameoa.

Alen akasema bado.

Mzee Samsoni akamwambia kwamba yeye ameoa milimani tangu enzi za ujana wake, na mama mkwe wake, Mungu ampe pumziko, alifariki bila yeye kujua kama alikuwa na mwanya. Hoja ya kwanza imetupwa. Endelea na ya pili.

Elisante alihisi kifua kikifunguka. Mwamvita alimkonyeza. Nje, wakulima waliokosa nafasi walianza kupiga makofi dirishani.

Alen hakuacha kutabasamu.

Akasema kwamba mtambo wa Theluji una kasoro moja ambayo wao wenyewe wanaijua. Kila Jumapili, saa tatu asubuhi, unasimama. Baridi inakatika kwa saa nzima, kisha unaendelea kana kwamba hakuna kitu. Ni kosa la kijana wao mmoja aliyezihesabu siku za wiki vibaya, na hawajawahi kulirekebisha. Hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angeliweka kwa makusudi kwenye ghala la matunda.

"Jumapili iliyopita nilikwenda kusimama nje ya ghala lenu," Alen alisema. "Kipupwe yenu, mnayoijaribu sasa, ikasimama saa tatu. Ikaendelea saa nne."

Hakuna aliyecheka.

"Mzee, wanafunzi wawili wakipata jibu sahihi, huo ni werevu. Wakikosa wote wawili, na makosa yao yakafanana, mmoja amechungulia."

Hoja hiyo iliwaingia watu wote, maana kila mmoja pale aliwahi kukaa darasani, na nusu yao waliwahi kuchungulia. Hata Rahma, aliyeacha maandazi yake kuja kusikiliza, alitikisa kichwa kukubali. Elisante alisikia ukumbi ukimtoka, benchi kwa benchi. Aliwaza pichesi zile zilizopangwa kwa uangalifu kama mayai, na wenye nazo walio nyuma yake, na jinsi alivyowaambia kwa mdomo wake kwamba wasiuze kwa walanguzi, baridi ipo.

Mwamvita alikuwa anafunua karatasi zake kwa vidole vya haraka. Hereni zake zilicheza, zikacheza, zikasimama.

Aliinuka, akaomba ruhusa asome maelezo aliyoyapokea kutoka kwa Mwalimu Paskalina, yale aliyoyavusha ukutani kwa mkono wake mwenyewe. Akasoma taratibu: "Kila Jumapili, saa tatu asubuhi, mtambo hupumzika kwa muda wa saa moja, kisha hurudi kazini. Huu ni muda wa Misa."

Mzee Samsoni aliomba asomewe tena. Akasomewa tena.

Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Mwalimu Paskalina, Mkatoliki wa Rangwi asiyekosa Misa ya saa tatu, alikaa na kitabu kile akikichunguza, akakuta kwamba mtambo hunyamaza Jumapili saa yake ileile. Hakuona kosa. Aliona adabu. Akaandika alichokiona. Na anachofanya mtambo, msomaji, hakina mwenyewe.

Makofi yakaanza. Mwamvita alikuwa ameshaanza kukunja karatasi zake Alen aliponyanyua mkono.

"Nakubali mama aliandika," alisema. "Lakini Elisante si mama. Ni fundi. Anajua tunda halisali. Fundi akiletewa maelezo kama haya, huuliza. Asiyeuliza ni yule ambaye hakuwa anaandika, alikuwa ananakili."

Mzee Samsoni akamgeukia Elisante. Akamkumbusha kwamba ameapa. Halafu akamuuliza, aliposoma kuwa mtambo unakwenda Misa, hakushangaa?

"Nilishangaa, mzee."

"Ulijua kuwa ni kosa?"

Hapa Elisante alipima majibu yake. Akisema hakujua, amedanganya mbele ya Mungu, na Alen atamwonyesha kuwa fundi wa namna hiyo hawezi kuandika programu yoyote bila kuiba. Akisema alijua, basi anasema mbele ya kaya zote za tarafa, na mbele ya benchi la mwisho, kwamba Mwalimu Paskalina alikosea hesabu. Alitamani andazi lingine alitie mdomoni.

"Nilijua," alisema.

Alisikia nyuma yake ukumbi mzima ukivuta pumzi.

"Sasa mbona hukuuliza?"

"Mzee, aliyeandika ni mama mkwe. Ningemsahihishaje?"

Mzee Samsoni alivua miwani. Aliifuta kwa skafu ya kwanza, akaifuta tena kwa ya pili. Wazee wa mabenchi ya mbele walitikisa vichwa kwa huzuni, kama watu waliosikia habari za msiba wanaoufahamu. Mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba kijana amesema kweli tupu, yeye mwenyewe aliwahi kunywa chai yenye chumvi hadi chini ya kikombe.

"Bwana Alen," alisema Mzee Samsoni, "sioni wizi hapa. Naona malezi."

Akatoa uamuzi. Kipupwe ni halali na itaendelea, mradi Elisante hajauona hata mstari mmoja wa maandishi ya ndani ya Theluji mpaka dakika hati itakapopigwa muhuri. Akiuona mstari kabla ya hapo, uamuzi hauna kazi. Baada ya hapo anaweza kuyapaka hata ukutani kwake. Akasaini. Akanyoosha mkono apewe muhuri.

Muhuri ulikuwa ndani ya gari. Gari alikuwa nalo dereva. Dereva, anayepanda huku mara moja tu kwa mwaka, alikuwa amekwenda kununua peasi.

Kristian, karani wa ushirika, akatumwa mbio. Watu wakasubiri. Ukungu uliingia kwa madirisha, ukumbi ukapoa, na Elisante akasikia nyuma yake vikapu vikifunguliwa na nguo zikitolewa. Hakujali. Alikuwa na furaha na aibu kwa pamoja, na aibu ndiyo iliyokuwa ikizidi. Alimwaza mama yule wa benchi la mwisho. Tangu siku ya posa alikuwa ametaka jambo dogo tu kwake, neno moja zuri lisilopitia kwa Evelina. Sasa amemwaibisha mbele za watu, na neno hilo hatalipata tena.

Benchi la mwisho likalia.

Hatua zikaja katikati ya ukumbi, polepole, za mtu aliyeacha kikapu chake. Minong'ono ikaanza nyuma, ikapita mabenchi, ikamfikia Mwamvita. Elisante aliona rangi ikimtoka wakili usoni. Kisha akamwona Alen. Alen aliyekuwa akitetemeka tangu asubuhi alikuwa ameacha kutetemeka.

"Mwanangu," sauti ilisema nyuma yake.

Hakusema mkwe. Hakusema mwambie mumeo.

"Mwanangu Elisante. Umesema nimekosea, na umesema kweli. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote, na sikujua kutofautisha kosa na sala. Wewe ulijua, ukabeba kosa langu mgongoni kwako mpaka likataka kukuua. Nataka nikuombe radhi. Radhi haiombwi kwa mgongo wa mtu. Geuka."

Macho ya Elisante yalijaa machozi. Hakuyaficha. Mguu wake ulikuwa umekwisha anza kusogea Evelina alipomdaka mkono na kumnong'oneza sikioni.

"Usithubutu. Mama amejifunga ile kanga. Kutoka kwapani hadi miguuni."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba siku moja kitakuwa nguo yenyewe.

Mwamvita alikuwa ameshafika katikati ya ukumbi. Alimwamkia mama kwa heshima zote, akamwomba kwamba kabla ya jambo lolote aivue kwanza hiyo kanga.

"Wakili," Mwalimu Paskalina alijibu, "unataka nivue nguo mbele ya mkwe wangu?"

Wazee wote wakaguna kwa pamoja. Hata Mzee Samsoni alitikisa kichwa. Hapana, hilo haliwezekani, hata kwa pichesi za dunia nzima.

Evelina akasema kwa haraka kwamba mumewe atageuka akiwa amefumba macho.

"Na ayafumbue," alisema mama. "Siombi radhi kwa mtu aliyelala. Akikataa nitajua hakunisamehe, nami nitarudi Rangwi, na mlango wake sitaupita tena."

Nje, mbali barabarani, Elisante alisikia mlango wa gari ukibamizwa na Kristian akipiga kelele kwamba ameupata muhuri, waje wamsaidie, dereva kaukalia pamoja na peasi.

"Nahesabu mpaka tatu," alisema Mwalimu Paskalina. "Moja."

Alen akapiga hatua upande ili aone vizuri.

"Mbili."

Elisante alishusha pumzi, akautoa mkono wake taratibu katika mkono wa mkewe, akayaacha macho yake wazi kabisa, na kisigino chake cha kulia kikaanza kuzunguka sakafuni.